Kompyuta ya Vichwa Viwili

13 Januari 1997, Jumatatu

Nikodemu, fundi wetu wa programu, ameagiza kwa redio ya upepo kutoka Dar kwamba niandike kila inachofanya mashine: saa, tarehe, namba zinazoonekana kwenye skrini. Ameagiza kwa ile sauti yake ya kufundisha, kana kwamba mimi sikukaa chuoni miaka miwili. Sawa. Kurasa za mbele za daftari hili ni za mashine. Za nyuma ni zangu, na huku nitasema nitakalo.

Mashine yenyewe ililetwa Ijumaa kwa ndege. Ina prosesa mbili, yaani akili mbili za kukokotoa. Ofisi yetu ya wakimbizi hapa Kigoma imezoea kompyuta za prosesa moja, kwa hiyo Anatoli, karani wetu wa fomu, ameibatiza kompyuta ya vichwa viwili na jina limeganda. Kazi iliyoletewa ni moja. Kambi ya mapokezi pale ufukweni ilijengwa kwa watu elfu moja na mia tano. Leo wamo elfu nne mia moja na kumi na wawili, Warundi waliovuka kupitia Kagunga tangu Novemba. Kila mmoja ana fomu yake. Programu inasoma fomu zote, inamtafutia kila mtu mkuu wa kaya yake, inazigawa kaya kwenye kambi za Kasulu na Kibondo, kisha inachapa orodha. Bila orodha hiyo hakuna lori linaloondoka. Zamani tuliandika kwa mkono. Makao makuu hawataki tena ya mkono, wanataka ya mashine tu.

Ramadhani ya tatu. Mvua tangu alfajiri. Nimeiwasha mashine saa tatu asubuhi, programu ikaanza. Nikodemu anasema itachukua saa moja.

14 Januari

Bado inazunguka.

15 Januari

Bado.

17 Januari, Ijumaa

Kuna kipimo kwenye skrini kinachoonyesha prosesa zinafanya kazi kiasi gani. Kingepanda hadi mia, ningejua mashine imeelemewa. Kimesimama kwenye hamsini siku ya tano sasa, hakipandi wala hakishuki. Nikamwambia Nikodemu.

"Hamsini si tatizo, dada Nasma. Maana yake mashine imepumzika nusu. Vuta subira. Ova."

Nimefunga, koo limenikauka, halafu naambiwa nivute subira na mtu anayekunywa soda. Nilikuwa nimeshazima redio ndipo akili ikanijia, nikajiona mjinga kuliko yeye. Hamsini ya vichwa viwili ni mia ya kichwa kimoja. Kichwa kimoja kimerukwa na akili, kinazunguka bila kupumua, na kingine kimekaa pembeni kinatazama. Ingekuwa mashine ya kichwa kimoja ingeganda yote siku ya kwanza na tungejua. Hii inaitikia kila amri yangu kwa adabu, ndiyo maana tumepoteza siku tano.

18 Januari

Nimejaribu kuiua ile programu. Imekataa. Ilipangwa ianze yenyewe mashine ikiwaka, na inaendeshwa kwa jina la mfumo, si kwa jina langu, hivyo sina ruhusa. Mwenye neno la siri ni Nikodemu, na Nikodemu hawezi kulisema redioni kwa sababu kila mwenye redio kutoka hapa mpaka Mpanda anasikiliza. Amesema atalituma kwenye bahasha.

19 Januari

Mwanamvua ameniletea futari. Mwanamvua ni mke mwenzangu, anakaa Buzebazeba, mimi Ujiji. Abdul, mume wetu, analala siku tatu huku na siku tatu kule kama mzani wa duka. Hatujasemezana na mwanamke huyo huu mwaka wa nne. Ametuma bakuli la tambi kwa mkono wa Abdul. Nimewapa majirani.

"Nasma, amekusudia wema," Abdul akasema.

Nikamwambia wema wake aukusudie kwa watu wa Buzebazeba.

21 Januari

Nimezima mashine, nimeiwasha. Kipimo kikakaa sifuri, moyo ukanitulia. Dakika ya kumi na mbili kikaruka hadi hamsini na kubaki. Nikarudia. Dakika ya kumi na mbili. Nikarudia mara ya tatu, nimeshika saa ya Anatoli mkononi. Dakika ya kumi na mbili.

Basi si wazimu wa ovyo. Inafika mahali palepale kila mara na kukwama.

23 Januari

Mvua kubwa usiku kucha. Vyoo vya kambi ya mapokezi vimefurika vikamwagikia njia ya maji. Mganga wa kambi amekuja ofisini na gambuti zake zenye tope, amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Amesema ana watu sabini na wawili wanaoharisha, na jana amezika watoto wawili. Kasulu kuna mahema matupu. Kibondo kuna mahema matupu. Akatuuliza tunasubiri nini. Bwana Alphonce, mkuu wetu wa ofisi, akanitazama mimi.

24 Januari

Bwana Alphonce ameingia chumba cha mashine nikiwa nimetoka kuswali, ameona kipimo kimesimama hamsini, akaamua "kuisaidia". Ameianzisha programu ileile mara ya pili. Sasa kichwa cha pili nacho kimeshikwa. Mia. Hata herufi moja haiandikiki.

Nimeizima tena. Nimemwomba mkuu wangu wa kazi, kwa heshima zote, asiguse kitu.

27 Januari

Nimepata njia ya kuishi nayo. Nimeifunga ile programu kwenye kichwa cha pili (kuihamisha naruhusiwa, kuiua ndiyo sina ruhusa), ibaki huko na wazimu wake, na kichwa cha kwanza Anatoli anaandikia fomu mpya. Bwana Alphonce amefurahi mno. Amewaandikia makao makuu kwamba tatizo limedhibitiwa. Orodha haijatoka, lakini tatizo limedhibitiwa.

28 Januari

Watoto watatu, mzee mmoja.

30 Januari

Bahasha ya neno la siri imefika. Imelowa. Herufi mbili za mwisho hazisomeki, nimezikisia mpaka zikakubali. Sasa naweza kuiua nikitaka. Naiua, najiburudisha dakika moja kwa kuona sifuri, halafu inabidi niianzishe tena kwa sababu ndiyo hiyohiyo tunayoihitaji.

4 Februari, Jumanne

Nimeanza kukata nusu. Anatoli hakuelewa, nikamweleza hivi: kama kwenye gunia la maharage kuna jiwe, ligawe mafungu mawili, pika fungu moja moja. Lenye jiwe ligawe tena. Mara kumi na mbili tu na jiwe unalo mkononi, hata kama maharage ni elfu nne.

Leo fomu namba 1 hadi 2056. Umeme ulikatika mara mbili.

5 Februari

Nusu ya kwanza imekwisha salama kwa dakika ishirini na tano! Imechapa na orodha ya majaribio. Basi jiwe liko nusu ya pili. Nimefuturu kwa furaha kwa mara ya kwanza mwaka huu.

6 Februari

Nusu ya pili nayo imekwisha salama.

Nimekaa mbele ya skrini kama mtu aliyepigwa kofi. Nusu hii nzima. Nusu ile nzima. Nikiziunganisha, dakika ya kumi na mbili, hamsini. Nimeyasoma yale maonyo madogo yanayochapwa pembeni, "mkuu hajapatikana", yako mamia, ya kawaida tu kwa fomu zilizokatwa katikati. Hayakuniambia kitu.

7 Februari

Nikodemu kafurahi. "Basi ni ukubwa, dada. Fomu zikiwa nyingi kumbukumbu ya mashine haitoshi. Nakutumia vipande vya kumbukumbu kwa ndege. Ova." Nikamuuliza mbona basi hakuna ujumbe wa kusema kumbukumbu imejaa. Redio ikakoroma. Kama alijibu, mvua ilikula jibu lake.

Nikapendekeza kwa Bwana Alphonce tutumie orodha za nusu nusu. Makao makuu wamekataa: kuna baba yuko nusu hii na watoto nusu ile, tutatenganisha familia. Wana haki.

9 Februari

Idi. Mvua. Pilau. Abdul alikuwa Buzebazeba.

12 Februari

Ndege haikutua, uwanja umejaa maji.

13 Februari

Haikutua.

14 Februari

Waliokufa tangu tuanze sasa ni kumi na tisa. Najua kwa sababu Anatoli ndiye anayechukua fomu zao na kuzigonga mhuri. Ni mtu wa Kasulu, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu, na alikuwa akiniudhi kwa utaratibu wake huo wa kuandika kila neno mtu alilotamka. Siku hizi haniudhi. Kila akigonga mhuri mmoja anapuliza wino ukauke kabla ya kugonga mwingine.

17 Februari, Jumatatu

Kumbukumbu imefika. Nimeifunga mwenyewe. Nimeianzisha programu. Dakika ya kumi na mbili, hamsini.

Sijamwita Nikodemu. Nimeenda nyuma ya stoo ya mahema nikalia.

20 Februari

Anatoli kanitoa gizani na hajui. Alikuwa anakunywa chai, anatazama skrini, akasema, "Labda kuna wawili humo wanagombana. Ukiwatenga, kila mmoja ananyamaza. Ukiwarudisha zizi moja, wanaanza."

Nikamwambia fomu si mbuzi. Nikatoka. Nikafika kwenye ngazi nikasimama, nikarudi ndani mbio. Mtu yule kasema kweli. Jiwe si moja. Ni mawili, na lolote kati yake likiwa peke yake ni harage.

Nimekata fomu robo nne na kuziendesha mbilimbili. Robo ya kwanza na ya pili, salama. Ya kwanza na ya tatu, salama. Ya pili na ya tatu: hamsini.

21 Februari

Nakata robo ya pili, ya tatu naiacha nzima. Umeme saa nne tu leo.

22 Februari

Nakata ya tatu. Watu wawili wamekufa. Nimekula kwenye meza ya mashine.

24 Februari, Jumatatu

Nimewapata. Fomu 1180 na fomu 2934. Nimezichomoa mbili hizo tu na kuziendesha peke yake, fomu mbili kati ya elfu nne, na mashine ya mamilioni imezunguka nazo kutwa.

1180 ni Marcelina, miaka thelathini na moja, watoto watatu, kutoka Rumonge. Mkuu wa kaya: Verediana. 2934 ni Verediana, miaka hamsini na minane, hana mtoto, kutoka Rumonge. Mkuu wa kaya: Marcelina. Programu inafika kwa Marcelina, inauliza mkuu wako nani, inaambiwa Verediana. Inakwenda kwa Verediana, mkuu wako nani, Marcelina. Inarudi kwa Marcelina. Haikufundishwa kuchoka, wala kukumbuka kwamba mlango huu ilishaugonga. Wiki sita imekwenda mlango huu na mlango ule, huku watu wanazikwa.

Nikamwita Anatoli.

"Fomu hizi umejaza wewe?"

"Ni mimi."

"Wanawake hawa wanahusiana vipi?"

"Wake wenza. Bwana wao kapigwa risasi kabla ya Kagunga. Nilimuuliza mdogo, mkuu wa kaya nani? Kasema, mkubwa yupo, mimi siwezi kupita mbele yake. Mkubwa alikuwa zahanati, anaumwa, nikamwandika siku nane baadaye. Naye kasema, mimi nalishwa na mwenzangu, mwenye kaya ni yeye. Nikaandika."

"Na hukuona kwamba haiwezekani?"

"Dada, fomu elfu nne. Halafu kwetu hiyo ndiyo heshima. Ukijitaja mkubwa na mwenzako yupo, watu watakushangaa."

Nilicheka, nasikitika kusema. Nikamwambia mimi nina mke mwenza, ananiletea tambi, na heshima ya wake wenza naijua mpaka mizizi yake. Hawa wanataka kadi mbili za chakula. Kila mmoja amemtaja mwenzake ili wote wawili waandikwe.

"Sidhani," Anatoli akasema. "Wako hema la kumi na saba. Nenda kawaulize, ni mwendo wa dakika kumi."

Dakika kumi. Mvua ilikuwa inanyesha. Malori yameahidiwa Ijumaa, orodha ikitoka kesho. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na uhakika.

Zilikuwepo njia mbili za kuvunja mzunguko. Ningeweza kumweka mmoja chini ya mwenzake, kaya moja. Au kila mmoja kaya yake, mkuu wa nafsi yake. Nilifikiri kidogo sana. Mke mwenza chini ya mke mwenza ni kifungo, nikajisemea, na hawa wawili sasa hata mume wa kuwashikilia pamoja hawana. Nawafanyia hisani. Nikaandika: Marcelina, mkuu wa kaya, Marcelina. Verediana, mkuu wa kaya, Verediana.

Nikaanzisha programu. Dakika ya kumi na mbili ikapita. Ya kumi na tatu. Anatoli alisimama nyuma yangu akihesabu kwa Kiha. Dakika ya arobaini na nne kipimo kikashuka sifuri chenyewe, na printa ikaanza kulia.

Bwana Alphonce alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

28 Februari, Ijumaa

Malori ishirini na sita. Mganga wa kambi amenipungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara. Sijawahi kuwa na siku kama hii kazini.

1 Machi

Anatoli alisimamia upakiaji jana. Leo nimemuuliza ulikwendaje. Amesema wale wa fomu zetu mbili waliitwa malori tofauti. Programu inawapeleka wazee wasio na watoto Kasulu, karibu na hospitali, na wenye watoto Kibondo. Wanawake wale walidhani malori yote yanakwenda mahali pamoja. Verediana alikuwa na mtoto mdogo wa Marcelina mgongoni, kambeba kwa kitenge. Msimamizi akasoma orodha, mtoto wa Kibondo huyo, wakamfungua kitenge.

"Ukawaambia nini?" nikauliza.

"Nilikuwa lori la saba. Nilipofika, la Kasulu limeondoka."

Nikamwambia wake wenza wana maigizo mengi. Akarudi kwenye fomu zake.

6 Machi

Mashine inakwenda salama, hakuna tatizo, hakuna la kuandika.

11 Machi

Dereva kaleta barua kutoka Kibondo, imeandikwa na mwalimu wa huko kwa niaba ya Marcelina. Haina malalamiko. Inasema mama mkubwa amepotea, tafadhali aletwe. Inasema mtoto mdogo, Bonifasi, alizaliwa mama yake akiwa mgonjwa, akalelewa na mama mkubwa tangu siku ya kwanza, na sasa hali chakula. Inasema pia: kama kosa ni kadi, wachukue kadi yangu, mimi nitakula kwa yake.

Nimeisoma mara nyingi. Natafuta ujanja ndani yake na siuoni.

12 Machi

Nimefungua mashine nimrudishe Verediana chini ya Marcelina. Orodha imefungwa. Kadi zikishatolewa hakuna anayeibadilisha isipokuwa Dar. Nikampata Nikodemu. Kabla sijamaliza kueleza alinikatiza kwa shangwe.

"Dada Nasma, hiyo dawa yako ni nzuri kabisa! Nimeiingiza kwenye programu ya kambi zote. Mtu akimtaja mkuu, na mkuu akarudi kumtaja yeye, programu inawatenga yenyewe, kila mmoja kaya yake. Haitakwama tena kokote. Nimeiita Kanuni ya Kigoma. Ova."

Nikamuuliza imetenga wangapi mpaka sasa. Akasema ameendesha kambi mbili, jozi thelathini na nane. Nikamwambia aiondoe. Akasema iondolewe irudi kukwama? Nikamwambia awaulize watu kwanza. Akauliza watu gani. Ova, akasema, ova, dada Nasma, unasikika?

Nilikuwa namsikia vizuri tu.

17 Machi

Nimejaza fomu ya kuomba kuunganishwa familia. Sehemu ya uhusiano kuna mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu. Mke mwenza hakuna. Nimeandika pembeni kwa kalamu.

24 Machi

Imerudi. "Waombaji hawana uhusiano."

25 Machi

Nimeandika ndugu. Nimedanganya, ndiyo, na ningeandika pacha kama ingesaidia.

2 Aprili

Imerudi. Mashine imelinganisha majina ya wazazi, hayafanani. Nilienda kwa Bwana Alphonce. Amenisikiliza, si mtu mbaya. Akanionyesha mafaili mezani mwake, watoto waliopoteza mama, mama waliopoteza watoto. "Nasma, hawa wote ni damu. Nikimpeleka mke mwenza kwa mke mwenza mbele ya hawa, nitawaambia nini?"

Nikachukua fomu yangu nikatoka. Kwenye ngazi nikakumbuka kwamba wiki tano zilizopita hilo lingekuwa neno langu mimi.

3 Aprili

Barua nyingine kutoka Kibondo. Bonifasi yuko zahanati ya kambi, amewekewa maji.

5 Aprili

Leo nimemwambia Anatoli kwamba alikuwa amesema kweli kuhusu hema la kumi na saba. Alikuwa anachonga penseli. Akasema, "Mimi ndiye ningekwenda. Sikukatazwa." Kisha tukaendelea na fomu mpya. Nimejaribu kumtaka anilaumu, hataki.

8 Aprili

Mvua. Daraja la njia ya Kibondo limekwenda na maji. Hakuna magari wala barua.

11 Aprili

Redioni: Bonifasi hayupo tena. Miaka miwili na miezi minne. Anatoli akaitafuta fomu, akagonga mhuri, akapuliza.

15 Aprili, Jumanne

Printa ya Kasulu imeharibika, nikaomba nitumwe mimi. Saa saba njiani kwa tope. Sikuanza na printa.

Verediana anakaa kwenye hema la wazee, la nane kutoka bombani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kilemba safi. Alikuwa anachambua maharage ya watu wengine. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiswahili cha Rumonge, kizuri kuliko nilivyotegemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi na tope lote hilo?"

"Kigoma. Ofisi ya orodha."

Akaacha maharage. Akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka.

"Basi wewe utajua," akasema. "Hapa niliuliza, wakasoma karatasi. Wakaniambia, bibi, wewe umeandikishwa peke yako, kaya yako mwenyewe. Mimi nilimwandikisha yeye mkubwa. Nikajua basi naye kaulizwa, kasema, yule simtaki. Nimewaza, nilimkosea nini? Labda yule mtoto. Nilimchukua sana yule mtoto, pengine ilimuuma. Mwezi wa pili huu nawaza hilo."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia Marcelina alimtaja yeye kuwa mkubwa, neno kwa neno, niliisoma fomu. Nikamwambia ameandika barua mbili kumwomba arudishwe.

"Ameniomba?"

"Ameomba, mama."

Alijifunika uso na kitenge. Mabega yakatetemeka, nikadhani analia, lakini alipojifunua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Kumbe si yeye," akasema. "Kumbe mwenzangu hakunikataa. Ego, ndiyo, Mungu wangu, kumbe si yeye." Akawaita wazee wa hema lile, mmoja mmoja, akiwaambia kwa Kirundi. Wakapiga makofi.

Kisha akanigeukia. "Sasa nani katutenga?"

Nilikuwa na safari nzima ya saa saba ya kujiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na maneno yake tayari.

"Kompyuta, mama," nikasema. "Ni kosa la kompyuta."

"Aa. Mashine," akasema. "Mashine haimjui mtu. Pole mwanangu, na wewe wamekutuma kwa tope kwa ajili ya makosa yake." Akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza, "Na Bonifasi wangu? Anakula?"

Nikasema daraja limekatika, habari za Kibondo hazifiki.

Akasema basi atasubiri. Akaniombea kwa Mungu wake, mimi na watoto wangu na nyumba yangu, kwa sababu nimemletea habari njema. Nikasema amina, nikaenda kutengeneza printa.